Kipunji wa Mlima Rungwe: Sifa za Umbo na Majina ya Viumbe

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wa vitabu vya elimu ya viumbe huyatumia bila ya kuyahoji, neno aina ndilo lililobebeshwa mzigo mkubwa kupita yote. Aina ya ndizi, aina ya nyoka, aina ya maradhi, aina ya viti: yote ni aina. Maadamu tulikuwa tukizungumza sokoni, neno hilo lilitutosha. Lakini Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, mwalimu alianza kudaiwa kueleza jambo ambalo neno aina halilielezi. Ni kwa alama gani tunatambua kwamba wanyama wawili, au mimea miwili, ni wa kundi moja? Na ni wakati gani tofauti za rangi, manyoya au majani zinatosha kutufanya tuseme kwamba hivi ni viumbe mbalimbali? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya kisa kilichotokea katika wilaya ya Rungwe, ambako jina la Kinyakyusa liliingia katika elimu ya ulimwengu mzima.

Tuanzie migombani, kwa kuwa mgomba hauwezi kukwepwa na mtu aliyefika wilaya hiyo. Igogwe, mahali panapojulikana zaidi kwa hospitali yake ya misheni, pamo katika nchi ya migomba chini ya Mlima Rungwe. Mkulima wa huko hahitaji kuuonja mgomba ili aujue. Huutazama shina, weusi au wekundu wake, mkao wa majani, urefu wa mkungu na unene wa kidole, kisha hutaja jina. Hizo ndizo sifa za umbo, na kila jina alitajalo husimama juu ya sifa kadha wa kadha zilizokusanywa kwa jicho moja.

Mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, alifanya jambo karibu na hilo. Mwaka 1753 aliuita mgomba wa ndizi za kupika Musa paradisiaca, na mwaka 1759 akauita ule wa ndizi tamu Musa sapientum, kana kwamba ni spishi mbili. Baadaye ikadhihirika kwamba hazikuwa spishi mbili kabisa. Mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walichagua sifa 15 za umbo, kama vile madoa ya shina, mfereji wa kikonyo cha jani na jinsi majani ya ua yanavyojikunja. Kila sifa waliipa alama kuanzia 1 hadi 5, 1 ikielekea upande wa mgomba mwitu uitwao Musa acuminata na 5 upande wa Musa balbisiana. Kwa kujumlisha alama hizo walionyesha kwamba migomba mingi tuilayo ndizi zake imezaliwa na mimea hiyo miwili ya Asia, ama na mmoja wao ama na machotara yao.

Hapa mfasiri atanaswa asipoangalia. Akiandika kwamba mkulima wa Rungwe ana “spishi” nyingi za ndizi, amekosea. Hizo ni aina za kilimo. Akiandika kwamba acuminata na balbisiana ni “aina mbili za ndizi”, hakukosea sana, ila msomaji hataelewa kwamba tofauti hii ni nzito kuliko ile iliyopo kati ya mkungu mmoja na mwingine wa shambani. Ndiyo maana sisi tunaona kwamba neno spishi, ingawa wako waliolinung’unikia kwa ugeni wake, lilistahili kupokelewa. Lugha yetu haikukosa neno. Ilikuwa na neno moja kwa vitu vitatu.

Sasa tupande mlimani. Mlima Rungwe una kimo cha karibu meta 2,960, na misitu yake inapakana na ile ya Livingstone, ambayo sehemu yake sasa imo katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Mapema mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport na wakiwemo Noah Mpunga, Sophy Machaga na Daniela De Luca, walikuwa wakichunguza wanyama na uwindaji katika sehemu hizo. Wawindaji wa Kinyakyusa waliwatajia mnyama mwenye haya nyingi aitwaye kipunji. Watafiti hawakusadiki mara moja, kwani masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa kubuni pamoja, na si rahisi kwa mgeni kupambanua nani yupo msituni na nani yupo katika hadithi tu. Mei 2003 walimwona kwa kitambo kidogo. Desemba wakamwona sawasawa, wakajua kwamba hayumo katika vitabu vyao.

Kilichowajulisha kilikuwa ni umbo. Kipunji ana manyoya marefu ya hudhurungi, kishungi kilichosimama wima utosini, ndevu ndefu za mashavuni, uso mweusi, na mkia mrefu ambao ncha yake, pamoja na tumbo, hufifia kuelekea weupe. Sauti yake nayo ni ya pekee, mlio mzito wa chini ambao haufanani na wa jamaa zake. Mwezi Julai 2004, katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kiasi cha kilometa 350 kutoka Rungwe, Trevor Jones alimwona mnyama huyo huyo bila ya kujua habari za wenzake. Makundi hayo mawili yalipopata habari, yakaandika pamoja, na Mei 2005 spishi mpya ikatangazwa katika jarida la Science kwa jina la Lophocebus kipunji.

Jambo moja liliwaudhi baadhi ya wataalamu. Desturi ya elimu hiyo ni kwamba spishi mpya huthibitishwa kwa kielelezo, yaani mwili au ngozi na fuvu, kinachowekwa mahali ambapo kila mtu aweza kukichunguza. Waliomtangaza kipunji hawakutaka kumwua hata mmoja miongoni mwa wanyama wachache mno, wakatumia picha. Je, picha yaweza kuwa kielelezo? Sisi si mahakama ya jambo hilo, lakini twapenda wafasiri waone jinsi linavyogusa istilahi. Neno sampuli, ambalo wengi hulitumia hapa, ni la kitu kilichomegwa kutoka kitu kikubwa, kama sampuli ya udongo au ya damu. Picha haimegwi kutoka kwa kipunji. Kielelezo ni kile kinachoonyesha, na kwa hiyo chaweza kuwa ngozi na chaweza kuwa picha. Tunakipendelea.

Basi ikatukia kwamba kipunji dume, ambaye hajapevuka bado, alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi mlimani Rungwe. Mwili wake ulihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, na hapo hadithi ikageuka. Jina Lophocebus lilimweka kipunji pamoja na nyani-miti wa Afrika ya kati waitwao mangabi. Kwa kutazama manyoya, mkia na maisha ya juu ya miti, alifanana nao. Lakini chembe zake za urithi zilipopimwa, zilielekea zaidi kwa nyani wa kawaida, yule mwizi wa mahindi ambaye kila mkulima anamjua. Na fuvu lake halikuwa na pua ndefu ya nyani. Hakuwa mangabi, hakuwa nyani. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai wa Afrika kutangazwa tangu mwaka 1923. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vipunji wa Rungwe wana chembe za urithi zilizotokana na mchanganyiko wa zamani na nyani wa manjano.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa mangabi kuwadanganya wataalamu. Kwa miaka mingi mangabi wote walikuwa jenasi moja, kwa kuwa wana mashavu yaliyobonyea na mikia mirefu. Tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakitenganishwa mafungu mawili, fungu moja likiwa jamaa ya nyani na jingine jamaa ya mandrili. Mashavu yaliyobonyea hayakuwa ushahidi wa nasaba.

Twaona basi kwamba sifa za umbo hufanya kazi mbili, na wafasiri wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kutambua: huyu ndiye, yule siye. Ya pili ni kueleza udugu: huyu ni wa ukoo wa yule. Katika kazi ya kwanza wawindaji wa Rungwe hawakukosea. Walipoambiwa na wageni waeleze, walimtenga kipunji na mbega, na kima, na nyani. Katika kazi ya pili wataalamu walikosea na wakajisahihisha katika muda wa mwaka mmoja, jambo ambalo ni sifa kwao. Kosa linatokea pale jina la kila siku linapoundwa juu ya kazi ya pili. Kwa Kiingereza kipunji alikwisha kuitwa mangabi wa nyanda za juu, na jina hilo likawa si la kweli kabla ya wino kukauka. Jina la Kinyakyusa halikuhitaji kubadilishwa herufi.

Tutoe mfano mwingine, wa Unguja. Mnyama ambaye wenyeji humwita kima punju (wala asichanganywe na kipunji kwa kufanana kwa sauti) kwa wataalamu si jamaa ya kima bali ya mbega, na alama mojawapo ni mkono wake: mbega na jamaa zake hawana kidole gumba cha kutumika, ila kibutu tu. Jina la kitaalamu la mbega, Colobus, latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kilichokatwa. Je, tuwasahihishe Waunguja? Hasha. Katika kitabu cha shule kima punju na abaki kima punju, na maelezo ya kidole gumba yaandikwe chini yake.

Kwa watumishi wa serikali jambo hili si la kamusi tu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta vipunji 1,117 tu, na nchi yao yote haikufika kilometa 18 za mraba. Chukulia kwamba ofisi fulani inataka kubandika tangazo vijijini, na mfasiri, akiwa na maandishi ya Kiingereza mbele yake, anaandika: “Ni marufuku kumtega nyani wa milimani.” Mkulima atasoma nyani. Nyani ndiye alalaye akimlinda usiku na mchana asimalizie mahindi. Tangazo lililokusudiwa kumlinda mnyama litakuwa halikumtaja, au litakuwa limetaja adui wa shamba, na mtego utabaki palepale. Neno kipunji tayari limo vinywani mwa watu wa Rungwe; mfasiri hana ila kuliokota.

Limebaki swali la sarufi, ambalo twalileta kwa wasomaji. Tumeona watu wakiandika “kipunji wawili” na wengine “vipunji viwili”. La kwanza linalichukulia neno kama jina geni lisilo na wingi; la pili linamfanya mnyama kuwa kitu. Sisi katika makala haya tumeandika vipunji wawili, vipunji hawa, kwa mfano wa kiboko na kifaru, ambao nao wana ki- mwanzoni na hupatanishwa kama viumbe hai. Kinyakyusa nacho kina ki- yake, na neno limeingia kwetu kwa mlango ambao tayari ulikuwa wazi.