Nguruwe wa Kichina, Ua wa Bujora

Jumamosi moja nilitoka buchani Kisesa na nusu kilo ya nguruwe, imefungwa gazetini, nikapanda njia ya Bujora kama mwizi. Sikuiba kitu. Ila nyumba niliyopanga, karibu na yale makumbusho ya Wasukuma ya Padre David Clement, ni ya mama mmoja Mwislamu, na ua ni wetu sote.

“Kula unachokula, mwanangu,” aliwahi kuniambia, “ila jiko langu na wavu wangu usiviguse.”

Basi nikanunua vyangu.

Ndugu msomaji, wengi wetu nyama hii twaiita kitimoto na twailia baa. Nyumbani ni shida: ua mmoja, vyombo vya watu. Na jambo lenyewe si la utani. Aprili 1993, Dar es Salaam, watu walivamia mabucha ya nguruwe wakayavunja. Nilipoisoma habari hiyo ndipo nilipoona upole wa kauli ya yule mama.

Tunasema nguruwe ni kitu cha wazungu. Hiyo ni nusu ya kweli. Huyu wa bandani alienezwa huku bara zaidi na wamisionari na walowezi, lakini jina lake halikuja na meli. Msukuma anasema ngulube, Mswahili nguruwe, na Mzulu kule kusini kabisa anasema ingulube. Neno la Kibantu la zamani, la nguruwe mwitu. Mgeni alikuta jina linamngoja!

Mapishi nayo yana safari yake. Baba yangu mdogo alifanya kibarua kwenye reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Ndiye aliyetuletea habari za Wachina wanaoloweka nyama kabla ya kuibanika. Kule Guangdong wanaiita char siu, yaani kuchoma kwenye uma. Katika viungo vyao vitano imo karafuu. Nilidhani tumewauzia sisi, kumbe wao waliijua kutoka visiwa vya Maluku zaidi ya miaka 1,000 kabla mikarafuu haijapandwa Unguja.

Mimi natumia nilivyo navyo: sosi ya soya kutoka Mwanza mjini, tangawizi, kitunguu saumu, karafuu mbili za kusaga. Vipande viwe vyembamba, viloe nusu saa. Asali paka mwishoni, ukiwahi inaungua nje na ndani kubichi. Na nguruwe aive kwelikweli, bwana. Tegu hana mchezo.

Siku hiyo moshi ulipopanda mama mwenye nyumba alikuwa anachambua dagaa.

“Umetia karafuu?”

“Ndiyo, mama.”

“Nikadhani pilau.” Akainua kigoda chake, akakihamishia upande usio na moshi, akaendelea na dagaa zake.