Historia ya jino linalochongwa na kompyuta, na magego ya Kitale na Bungoma

Leo tuache simu na programu zake kidogo, tuingie mdomoni. Ndiyo, mdomoni! Huko nako kompyuta imefika, na historia yake inamhusu mzazi wa Kitale au Bungoma kuliko anavyodhani.

Tuanze na tatizo. Kuna watoto ambao magego yao ya kwanza ya ukubwani, yale yanayoota wakiwa na miaka sita hivi, hutoka yakiwa dhaifu. Ganda la nje la jino, yaani enameli, kwa kawaida huwa na madini karibu asilimia 96 kwa uzito. Kwa watoto hawa madini yamepungua. Gego lina mabaka meupe, ya manjano au ya kahawia, na linamegeka kama chaki. Maji baridi yanachoma, mswaki unauma, mtoto anaacha kupiga mswaki, na jino linaoza upesi.

Tusichanganye haya na meno ya kahawia yanayotokana na maji yenye floraidi nyingi, kama sehemu za Nakuru. Floraidi hugusa meno mengi kwa pamoja. Ugonjwa huu una mabaka yenye mipaka, na hushika magego ya kwanza, mara nyingi pamoja na meno ya mbele. Wala si uchafu wa mtoto: enameli ya magego hayo hutengenezwa kuanzia wakati wa kuzaliwa hadi miaka michache ya mwanzo, kabla jino halijaonekana.

Jina lilichelewa kuja. Wasweden waliandika kuhusu watoto wao mwaka 1987. Waholanzi wakayaita magego ya jibini. Mwaka 2001 Karin Weerheijm na wenzake wakapendekeza jina moja, ambalo kwa kifupi ni MIH. Hapa Kenya, mwaka 2008 Arthur Kemoli wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha utafiti wa watoto wa miaka 6 hadi 8 katika sehemu mbili za mashambani: karibu asilimia 14 walikuwa nao. Utafiti huo haukufanyika Kitale wala Bungoma, lakini piga hesabu. Kwa kiwango hicho, darasa la watoto 50 lina kama saba.

Sasa upande wa mashine. Mwaka 1973 Mfaransa François Duret aliandika tasnifu kuhusu kupima jino kwa mwanga badala ya kwa udongo wa kubana mdomoni. Kule Zurich, daktari wa meno Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini walitaka mgonjwa akae kitini mara moja tu na aondoke na kiraka cha kauri. Programu iliandikwa na kijana Mfaransa, Alain Ferru. Wenzangu waandishi wa programu, tumpigie makofi! Tarehe 19 Septemba 1985 mgonjwa wa kwanza alitibiwa. Mashine ile ilikuwa CEREC, na Siemens ndio waliopewa kuiuza.

Usidhani ilikuwa kamili. Ilichonga kiraka, lakini sehemu ya kutafunia daktari aliimalizia kwa mkono. Kuchora kwenye kioo kwa 3D kulikuja mwaka 2003.

Kwa gego dhaifu faida ni hizi. Plasta ya kawaida hushika vibaya kwenye enameli laini, kwa hiyo inadondoka, inawekwa tena, inadondoka tena. Kofia ya chuma, iliyoenea tangu 1950, huokoa mtoto mdogo, lakini kijana wa miaka 14 anataka kitu cha kudumu. Kiraka cha kauri au cha resini ngumu hufunika sehemu zinazomegeka na kugundishwa pale enameli ilipo nzima, bila kusaga jino lote. Hilo ni muhimu, kwa sababu mshipa wa jino la kijana bado ni mkubwa na uko karibu. Na skana haigusi wala haibani jino ambalo hata upepo linausikia.

Mbona basi miaka arobaini imepita na wengi bado wanang'olewa? Bei, ndiyo. Lakini kuna jambo sisi wa kompyuta tunalijua vizuri: mafaili yaliyofungwa. Kwa miaka mingi skana ya kampuni moja iliongea na mashine ya kampuni hiyohiyo tu. Ulinunua vyote au ulikosa vyote. Faili la STL, lililobuniwa mwaka 1987 kwa ajili ya printa za 3D, ndilo lililokuja kuvunja ukuta huo. Anayepima na anayechonga si lazima wakae chumba kimoja.

Hapo ndipo Kitale na Bungoma zinapoingia. Tangu nyaya za baharini zifike Mombasa mwaka 2009, faili la megabaiti makumi kadhaa si mzigo. Kliniki inaweza kuwa na skana tu, ikatuma faili kwa maabara ya Eldoret au Nairobi yenye mashine, na kiraka kikarudi na matatu ndani ya kisanduku kisichozidi kiberiti. Faili linasafiri, mwanafunzi anabaki darasani.

Ila teknolojia haifufui jino lililokwisha kuoza hadi kwenye mshipa. Hata kung'oa kuna wakati wake: likitolewa mtoto akiwa na miaka 8 hadi 10, kwa mpango wa daktari, gego linalofuata huweza kusogea na kuziba nafasi. Likitolewa akiwa na 14, pengo hubaki. Afya ilihamia kaunti mwaka 2013, na kabla ya kaunti kuuliza bei ya skana, iulize hili: nani anatazama magego ya mtoto wa darasa la kwanza? Tochi na dakika mbili zinatosha.

Mzazi, jioni hii mwambie afungue mdomo. Tukutane tena wiki ijayo.