Mkongwe wa benchi analipwa na nani?

Blogu ilikuwa kimya kidogo, nilikuwa Lamu. Leo naweka kompyuta pembeni nizungumzie mpira wa kikapu, ila msikimbie, mtaona mbele kwamba hii ni programu tupu.

Yalianzia kwenye boti, nikivuka kutoka Shela kwenda Ras Kitau, upande wa Manda. Nahodha alikuwa na kijana mmoja wa kazi, kavaa jezi ya Lakers. Nikamtania: hao Lakers ndio waliompa Luol Deng, mtoto wa Wau, Sudan Kusini, mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka 4 mwaka 2016, halafu wakaachana naye Septemba 2018. Siku chache baadaye akasaini Minnesota Timberwolves kwa kima cha chini, dola milioni 2.4.

"Kima cha chini gani hicho cha mamilioni?" nahodha akadakia.

Nikamweleza kwamba NBA haina kima kimoja, kinapanda kwa misimu uliyocheza. Msimu wa 2018-19 mchezaji mgeni kabisa kima chake kilikuwa dola 838,464. Mwenye misimu 10 au zaidi, kama Deng, dola 2,393,887.

Nahodha akacheka. "Sasa mzee ataajiriwa na nani? Kazi ikiwa ni kufua maji tu, na mzee bei yake karibu mara 3 ya kijana, mimi namchukua kijana."

Jamani, huyu mzee hajawahi kusoma mkataba wa NBA hata ukurasa mmoja, lakini aliona kosa la programu papo hapo!

Turudi nyuma kidogo. Julai 1998 wenye timu walifunga milango, wakitaka kubana mishahara. Hakuna mazoezi, hakuna mechi, mpaka Januari 1999 walipoelewana na chama cha wachezaji, na msimu ukabaki na mechi 50 tu kwa kila timu badala ya 82. Wachezaji walikubali ukomo kwa mishahara ya mastaa, jambo ambalo halijawahi kuwepo. Wa kawaida nao wakapata ngazi ya kima cha chini: dola 287,500 kwa mgeni, hadi milioni 1 kwa mwenye misimu 10. Heshima kwa mkongwe, ndiyo, lakini pia hatari ileile ya boti. Kiti cha 13 au cha 14 kwenye benchi hakihitaji staa, kwa hiyo timu itaangalia bei.

Dawa yake ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kwa lugha yetu ya programu iko hivi: kama mchezaji ana misimu 3 au zaidi, na mkataba wake ni wa kima cha chini, na ni wa msimu mmoja tu, basi timu ilipe kima cha mwenye misimu 2, na baki ilipe ligi. Mistari miwili mitatu hivi, imekwisha.

Tumjaribu Deng. Kima cha misimu 2 mwaka ule kilikuwa dola 1,512,601. Minnesota wakabeba hizo, na hizo tu ndizo zilizohesabiwa kwenye jumla ya mishahara ya timu. Ligi ikajazia 881,286. Yeye kapokea zake zote, timu kwao mkongwe wa misimu 14 kawa na bei sawa na kijana wa misimu 2. (Aliyenifumbua macho katika mambo haya ni maandishi ya Larry Coon, mtu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Haishangazi.)

"Na mwakani?" nahodha akauliza.

Hapo ndipo palipo na mwiba. Ligi hujazia mkataba wa msimu mmoja tu. Timu ikimpa mkongwe miaka 2 kwa kima cha chini, inabeba mzigo wote yenyewe. Kwa hiyo wazee hawa husaini mwaka mmoja, kiangazi wanakaa karibu na simu, wanaanza upya. Kanuni imewarudishia kazi, na kanuni hiyohiyo imewafanya vibarua wa mwaka. Mimi naiona ni dawa nzuri yenye madhara, na sijui ningeiandikaje vizuri zaidi.

Na haimwokoi kila mtu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliteuliwa wa 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Baada ya misimu 5 na mechi 224, Septemba 2014 Philadelphia wakamwacha. Alikuwa na miaka 27, na timu yoyote ingeweza kumchukua kwa mwaka mmoja kwa bei ya mwenye misimu 2. Detroit walimjaribu kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, wakamwacha Oktoba. Hakucheza tena NBA. Bei haikuwa kikwazo, ila hakuna aliyemhitaji.

Deng alicheza mechi 22 kule Minnesota. Kiangazi kilichofuata hapakuwa na mkataba mwingine wa kucheza, na Oktoba 2019 akasaini Chicago Bulls, timu yake ya zamani, ili astaafu akiwa mtu wao.

Kijana wa boti bado anaamini Lakers walimwonea. Hilo la Lakers na ukomo wa mishahara ni refu, nitaliandika nikipata umeme wa kutosha :-)