Maji na Jua Jikoni

Habari ninayowaletea leo ni habari ya jiko. Labda mwanamume mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya wanawake." Na asikilize kwanza, maana chungu cha jikoni hulisha nyumba nzima.

Bibi zetu walikuwa na amri nyingi za mapishi, wala hawakuziandika. Nyingi katika hizo zahusu jambo moja: wakati wa kutia maji, na wakati wa kuyaondoa.

Tuanzie Malolo, katika wilaya ya Kilosa. Huko wakulima humwagilia mashamba kwa maji ya mto Mwega, nao wajulikana kwa vitunguu. Mkulima mwangalifu aking'oa vitunguu havitii ghalani siku ile ile. Huvianika penye hewa mpaka shingo zikauke na kujifunga, kwa kuwa shingo mbichi ni mlango wa uozo. Mpishi naye afuate njia hiyo: vitunguu vyake avitandaze penye upepo, wala asivifungie katika mfuko usiopitisha hewa.

Sasa tutazame mahindi na muhogo. Zamani watu wa bara walikula zaidi mtama, uwele na ulezi. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, na Wareno ndio walioleta mimea hiyo katika pwani za Afrika baada ya Vasco da Gama kupita huku mwaka 1498. Watu wakajifunza polepole desturi za vyakula hivyo vigeni.

Mahindi hutaka ukavu. Wazee waliyatundika juu ya meko, moshi ukayakausha na kufukuza wadudu. Mahindi mabichi yakiwekwa huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu iitwayo sumukuvu. Kuipika hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na 20 wakafa. Kwa hiyo chagua punje mbovu, uzitupe, usiwape hata kuku. Na ukitaka kujua kama mahindi yamekauka, fanya hivi: chukua chupa kavu, tia punje kiasi na chumvi kavu kidogo, uifunge, uitikise, kisha uiache kitambo. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani.

Muhogo mchungu una amri nyingine. Humenywa, hulowekwa siku tatu au zaidi hata ulainike, kisha huanikwa vizuri. Kazi hiyo ndiyo itoayo sumu yake. Mwaka 1985 palikuwa na ukame huko Tarime, karibu na Ziwa Viktoria. Ukame huzidisha uchungu wa muhogo, na njaa haina subira. Watu wakafupisha kazi ile ya siku nyingi, na wengi wao, hasa wanawake na watoto, wakapooza miguu ghafula. Ugonjwa huo huitwa konzo, wala miguu iliyopooza hairudi kuwa kama zamani.

Yako maarifa mengine yafaayo unga wa muhogo mchungu. Changanya unga na maji, utandaze katika sinia, unene usizidi upana wa kidole, uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu iliyobaki hutoka na hewa. Kisha songa ugali siku ile ile. Maarifa haya hayaondoi kazi ya kuloweka; huongeza usalama tu.

Basi, wasikilizaji, mwaona kwamba amri za bibi hazikuwa ushirikina. Kila moja ina sababu yake, na wakati wa njaa ndipo hasa ifaapo kushikwa. Haraka haraka haina baraka, na jikoni yaweza kumgharimu mtoto miguu yake. Mwanafunzi anayesoma karatasi hii amsomee mama yake leo jioni, naye baba asikilize.