Daftari la Wageni wa Alhambra

Mtu apandaye leo kilima cha Sabika, mjini Granada katika nchi ya Uhispania, kwenda kuitazama Alhambra, yaani al-Hamra, ngome nyekundu iliyoanzishwa na Muhammad ibn al-Ahmar mwaka 1238, ataona taabu kusadiki kwamba mahali hapa pajaapo wageni tangu asubuhi hata magharibi paliwahi kuwa magofu, maskani ya mafukara na askari vilema.

Majumba yaliyo bora yalijengwa karne ya 14, enzi za Sultani Yusuf wa Kwanza na mwanawe Muhammad wa Tano, mwenye kuujenga ule Ua wa Simba, ambamo simba 12 wa marumaru wamebeba birika migongoni, na nguzo 124 nyembamba zimeuzunguka. Mji ukasalimishwa tarehe 2 Januari 1492. Kisha mfalme Charles wa Tano akaanza mwaka 1527 kujenga kasri lake la mawe ubavuni mwa yale ya masultani, asijaaliwe kuliezeka. Na mwaka 1812 majeshi ya Napoleon, yakirudi nyuma, yaliripua minara kadhaa kwa baruti.

Katika hali hiyo ya ukiwa ndipo alipofika, mwezi wa Mei 1829, mwandishi wa Kimarekani Washington Irving, akifuatana na Dolgorouki, mwanamfalme wa Kirusi. Irving alipewa vyumba humo humo kasrini, na kitabu chake cha mwaka 1832 kikawatia watu wa Ulaya na Marekani shauku ya kwenda kujionea. Dolgorouki naye aliacha kitu kidogo ambacho mimi nakithamini sana: daftari tupu, ili wageni waandike majina yao humo, wasiendelee kuyachora kutani.

Na kuta zenyewe ni za jasi iliyochongwa nakshi nyembamba mno, ukucha tu waweza kuidhuru, nayo imejaa maandishi ya Kiarabu, hasa yale maneno yasemayo kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, yaliyokaririwa juu ya milango, kandokando ya madirisha na chini ya dari. Wengi wa wageni wale waliyaona kuwa ni maua na mizabibu; mtoto aliyehitimu chuoni huku kwetu pwani angetambua mara moja kwamba ukuta unasema.

Hata hivyo, macho ya mgeni yana ada yake. Kadiri watazamaji walivyozidi, ndivyo mafundi walivyoshawishika kuwapa ile Mashariki waliyokuja kuitafuta, na mwaka 1859 Rafael Contreras akalivika banda moja la Ua wa Simba kuba ya vigae vya rangi, ambayo masultani hawakuijua kamwe, nayo ikachorwa na kupigwa picha kana kwamba ni ya asili. Alikuwa Leopoldo Torres Balbás, mhandisi wa majengo aliyekabidhiwa amana ya Alhambra mwaka 1923, mtu mwaminifu kuliko wote waliopata kuligusa kasri lile, aliyethubutu kuiondoa kuba hiyo mwaka 1934 na kurudisha paa la vigae vya udongo. Watu wengi mjini walighadhibika, kwa kuwa kuba ile walikuwa wameizoea tangu utotoni.