Sarakasi

Sarakasi ni jina la maonyesho ya ustadi wa viungo, kama vile kupiga pindu, kutembea juu ya kamba na kusimama mabegani mwa wenzi, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya duara, ambalo Warumi walilitumia kuuita uwanja wa mashindano ya magari ya farasi. Umbo lake la kisasa lilianza London mwaka 1768 kwa Philip Astley, aliyekuwa askari mpanda farasi, na duara lake la kipenyo cha mita 13 hivi lingali kipimo mashuhuri, kwa kuwa katika mzingo huo farasi akimbiapo humsaidia mpandaji kusimama mgongoni pasi na kuanguka.

Mjini Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kifaransa ni lugha ya shule na ya serikali, neno cirque huenda sambamba na sarakasi. Ardhi yenyewe si rafiki wa sanaa hii: mawe makali ya lava ya volkano ya Nyiragongo, iliyofunika sehemu ya mji Januari 2002, si ya kuangukia, hata apigaye pindu hana budi kutafuta kwanza nyasi au godoro kuukuu.

Visawe vya neno sarakasi havilingani nalo. Michezo ya viungo hukaribia. Mazingaombwe na kiinimacho ni hila za kuhadaa macho, wala hayafai kuchanganywa nayo, ijapokuwa huchanganywa kila siku. Magazeti nayo huita vitimbi vya wakubwa sarakasi za kisiasa, matumizi ambayo, kwa rai yetu, ni dhuluma kwa wanasarakasi.