Nyama kidogo, watu wengi: asili ya madonge ya nyama ya Nyangwe na Kasongo

Katika simulizi za Nyangwe na Kasongo, miji ya Maniema mashariki mwa Kongo, kila kilicho kizuri hupewa baba mmoja. Mchele, kanzu, miembe, Kiswahili chenyewe, sala ya Ijumaa: vyote, husemwa, vililetwa na Waarabu. Basi hata donge la nyama iliyopondwa, lile ambalo bibi mzaa mama huwapikia wajukuu pale fedha inapokuwa haba, linatiwa katika mizigo ya misafara yao na kuitwa kumbukumbu ya meza za mabwana. Sehemu ya maelezo hayo ni kweli, na hiyo sehemu ndiyo inayotupotosha. Chakula hiki ni cha watu waliokuwa na nyama kidogo na midomo mingi, na ushahidi ulio karibu nasi zaidi unaelekeza kwenye soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na kwa wanawake waliolishikilia, kabla ya kuelekeza kwenye sebule ya tajiri yeyote wa pembe za ndovu.

Tuanze na haki ya pwani, maana ipo. Kitabu cha upishi alichokiandika Muhammad bin Hasan al-Baghdadi mwaka 1226 kina mapishi kadhaa yenye madonge ya nyama iliyopondwa na kukolezwa viungo, na upishi wa aina hiyo ulienea katika nchi za Kiislamu na pwani za Bahari ya Hindi. Zanzibar mpaka leo hupika kababu kwa nyama ya kusaga, tangawizi, vitunguu saumu na mkate uliolowekwa au viazi vya kuchemsha, na huzitia hata ndani ya bakuli la urojo. Watu waliotoka huko ndio waliofanya Nyangwe kituo chao katika miaka ya 1860, kisha Kasongo ikawa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu. Sidney Hinde, daktari aliyefuatana na jeshi la Wabelgiji chini ya Dhanis lililoiteka Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, aliandika kuhusu maghala yaliyojaa mchele, kahawa na mahindi, na bustani za michungwa, mipera, mikomamanga, mananasi na maembe. Mji wa namna hiyo ulikuwa na jiko lenye maarifa, na hakuna sababu ya kukana kwamba kababu iliwahi kuliwa humo.

Lakini jiko lolote hupika kinachopatikana. Njia ya misafara kutoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapanda hadi Kabambare, ndipo ikafika Kasongo na Nyangwe. Ni safari ya wiki nyingi katika nchi ya misitu na mito yenye mbung'o. Viungo vikavu huvumilia safari hiyo begani mwa mpagazi. Ng'ombe haivumilii, na akifika haishi kwa wingi, kwa sababu mbung'o humpa ugonjwa wa nagana. Ndiyo maana Maniema haikuwahi kuwa nchi ya mifugo mikubwa kama zilivyo nyanda za juu za Kivu. Tazama orodha ya bidhaa za soko la Nyangwe aliyoiandika msafiri Stanley baada ya kufika huko mwaka 1876. Humo mna viazi vitamu, mihogo na mikate yake, mahindi, ufuta, maharage, karanga, ndizi, pilipili, mawese, asali, mayai, kuku, mbuzi, kondoo, nguruwe weusi, samaki wabichi na wakavu, konokono waliokaushwa, kumbikumbi na panzi. Katika orodha yote hiyo ndefu ng'ombe hayumo. Na nguruwe, waliouzwa waziwazi, hawakuweza kuingia katika nyumba za Waislamu, ambao kadiri miaka ilivyopita waliongezeka hata Kasongo ikawa kitovu cha Uislamu katika Kongo. Anayetaka kupika nyama kwa kufuata dini yake katika nchi hiyo amebakiwa na mbuzi, kondoo, kuku na samaki.

Mbuzi mmoja mdogo, katika nyumba ya watu kumi na tano, hagawiki kwa haki akikatwa vipande. Mwenye umri atachukua paja, na mtoto wa mwisho atapata mfupa. Akipondwa kwenye kinu pamoja na vitunguu, pilipili na kitu cha kuyashikisha madonge, kila sahani inapata donge lake na hakuna anayeweza kulalamika kwamba la mwenzake ni nono. Kinu hakikuhitaji kuletwa na msafara. Kilikuwapo uani kwa ajili ya mihogo, mahindi na majani ya sombe. Kitu cha kushikisha pia kilikuwapo. Mbegu za maboga, mbika kama zinavyoitwa Kongo, zikikaushwa, zikamenywa na kusagwa, hutoa unga wenye mafuta unaogandamana bila yai. Wapishi wa Kongo huuchanganya na nyama au samaki wa kukaushwa, wakaufunga ndani ya majani na kuuchemsha kwa mvuke, au wakaufinyanga na kuutumbukiza kwenye mchuzi. Kwa upishi huu nyama hugeuka kiungo tu. Kababu ya Zanzibar hufuata hesabu hiyohiyo kwa viazi na mkate, na nadhani madonge ya nyama mahali pengi duniani hufuata hesabu hiyo.

Kuna atakayesema kwamba kuligawia soko sifa hizi ni kupamba historia ambayo haipambiki, kwa kuwa wapishi wa Nyangwe na Kasongo hawakuwa watu huru. Pingamizi hili lina uzito kuliko mengine yote. Wafanyabiashara wengi wa pwani walikuja bila wake zao, na nyumba zao zilijaa masuria na watumwa waliotekwa katika vijiji vya jirani. Mikono iliyoponda nyama katika nyua zile ilikuwa mikono ya wanawake wa Maniema ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwapo. Na soko lenyewe halikuwa mahali pa amani wakati wote. Tarehe 15 Julai 1871, msafiri Livingstone akiwa pale, watu wa mfanyabiashara Dugumbi walifyatua bunduki katikati ya wanunuzi na wachuuzi, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mitumbwi wakazama Lualaba. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Anayezungumza juu ya urithi wa bibi bila kuitaja siku hiyo anauza hadithi tamu. Hata hivyo pingamizi hili, likifuatwa hadi mwisho wake, linaniunga mkono. Ikiwa wapishi walikuwa watekwa wa hapohapo, basi ujuzi wa kinu, wa mbika, wa mawese na wa kukausha samaki ulikuwa wao, na waliuingiza katika nyumba za mabwana. Bwana aliweza kuagiza chakula kinachomkumbusha Zanzibar. Aliyeamua kitatokaje jikoni, kwa vitu vilivyoletwa kutoka sokoni asubuhi ile, alikuwa mtu mwingine. Watoto waliozaliwa katika nyumba hizo ni miongoni mwa waliokuja kuitwa wangwana, nao walijifunza ladha kwa mama zao.

Wapo pia wanaowapa Wabelgiji sifa hii, na wana vielelezo. Mashine ya chuma ya kusagia nyama ni ya Kizungu, mkate wa ngano na kopo la nyanya vilienea zama za ukoloni, na mji wa Liège huko Ubelgiji unajulikana hadi leo kwa madonge yake makubwa yenye mchuzi mtamu. Reli ya kutoka Kindu hadi Kongolo ilipokamilika mwaka 1911, bidhaa za dukani zilifika kwa urahisi kuliko zamani za wapagazi. Migodi ya bati ya Kalima, iliyoanza miaka ya 1930, ilikusanya wafanyakazi waliolishwa kwa posho iliyopimwa. Hayo yote yalibadilisha mchuzi na kuharakisha kazi. Hayakuanzisha kitu. Madonge ya Liège huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, ya kwanza ikiwa adimu Maniema na ya pili ikiwa haramu kwa majirani Waislamu. Mpishi wa Kasongo aliyechukua kopo la nyanya kutoka dukani alilitia katika sufuria iliyokuwa na kazi yake tayari. Na posho ya mgodini ilizidisha shida ya zamani: nyama iliyopimwa kwa ajili ya mwanamume mmoja ilipaswa kutosha mke, watoto na wageni kutoka kijijini.

Linabaki swali la wenye kushika nyaraka: ni nani aliyeandika? Hakuna Mzungu aliyepita Nyangwe, tangu Livingstone hadi Cameron mwaka 1874 na wengineo, aliyekaa jikoni akanakili mapishi. Walihesabu pembe, bunduki na bidhaa za sokoni. Tippu Tip, aliyetuachia simulizi la maisha yake kwa Kiswahili, alikuwa na mambo mengine ya kusimulia. Ukimya wao hauthibitishi kwamba chakula hakikuwapo, wala hauthibitishi kwamba kilikuwapo, hilo nakubali. Ninachodai ni kwamba vitu tunavyovijua kwa hakika, yaani mbung'o, orodha ya soko, makatazo ya dini na hali ya wapishi, vyote vinavuta upande mmoja, ilhali dai la meza za mabwana linasimama juu ya heshima tu tunayoipa pwani.

Nakisia ndiyo maana pia chakula hiki kina uwezo wa kustahimili misiba. Katika vita vya 1998 hadi 2003, watu wa Maniema walipokimbilia porini na mifugo yao kuporwa, mbuzi mwenyewe akawa anasa. Kilichobaki kupondwa ni mbika na samaki wadogo, wakati mwingine mbika peke yake na pilipili. Wanaojivunia asili ya Kiarabu ya madonge watasema hayo hayakuwa madonge ya nyama hata kidogo, na kwa maana ya jina wako sahihi. Lakini mpishi aliyeyafinyanga alikuwa akifuata kanuni ileile ya kugawa kilichopo ili kila mmoja apate lake, na mimi ningeyahesabu kuwa ya ukoo mmoja na yale ya Kasongo ya 1893, tena yenye haki zaidi ya kuitwa ya bibi.